YAH: Malalamiko kuhusu pampu ya grisi mliyoniuzia na namna fundi wenu alivyotufundisha kuitumia

Meneja Mauzo,

Ndugu Meneja,

Mwezi wa tatu nilinunua kwenu pampu ya grisi ya upepo kwa ajili ya gareji yangu ya malori hapa Morogoro. Fundi wenu alikuja kuifunga. Hozi ilikuwa ikivuja kwenye maungio, naye akaipapasa kwa kidole mbele ya vijana wangu kutafuta panapovuja. Hakuumia siku ile, nao wakajua ndivyo inavyofanywa.

Wiki mbili baadaye kijana wangu wa miaka 21 alifanya vile vile. Alihisi kama kachomwa na mwiba. Palikuwa na kitundu kidogo kama cha pini, bila damu wala maumivu ya maana, na mimi mwenyewe nikamwambia anawe kwa sabuni aendelee na kazi. Maneno yangu hayo yananinyima usingizi hadi leo. Kufika usiku kidole kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi. Zahanati walimpa dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda. Anafika kwa daktari wa upasuaji ni siku ya pili, grisi imeshatambaa ndani kufuata kano hadi kiganjani. Kidole cha shahada kimekatwa.

Daktari alinieleza mambo niliyopaswa kuyasikia kwenu siku ya kununua: jeraha la namna hii hukimbizwa hospitali yenye upasuaji saa hiyo hiyo, hata likionekana dogo kiasi gani, na mgonjwa aseme ni kitu gani kimemwingia. Saa chache tu za kuchelewa zinaweza kumpotezea mtu kidole.

Pampu yenu ni ya 50 kwa 1, yaani inazidisha presha ya upepo mara 50. Kompresa ikitoa upepo wa bar 8, ambao ni kama wa tairi la lori, grisi inaweza kufika bar 400. Ngozi ya mtu inaweza kutobolewa hata na bar 7. Ile 50:1 imeandikwa kwenye kibati cha pampu, lakini hakuna aliyetuambia maana yake, na kitabu chake chote ni cha Kiingereza.

Taarifa nimeshapeleka OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na fidia ya kijana inafuatiliwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kwenu nadai fundi mwingine, aje awafundishe vijana kwa Kiswahili kwamba panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono. Na kwamba kabla ya kugusa maungio unafunga upepo, kisha unabonyeza triga hadi presha yote iishe. Hozi mliyonipa haina alama yoyote ya kiwango cha presha. Ibadilishwe.

Na kabla hamjanijibu mimi, wapigieni simu wote walionunua pampu hii. Fundi yule amepita gareji ngapi na kidole chake?

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Hozi nimeifungua na kuihifadhi ofisini, na pampu haitawashwa hadi mje.

Wenu,
Mmiliki wa gareji, Morogoro