Asante, bibi wa Mto Snake

Bibi mwenye koti la kijani uliyetukuta pale juu ya Mto Snake, Wyoming, Marekani, asubuhi ile ya Oktoba: jina lako sikuliuliza, na nasikitika hadi leo. Simu yangu ilizimika kwa baridi wakati mama, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, amesimama na wajukuu wake. Ukatoa kamera yako, ukatupanga kwa subira, ukangoja mpaka jua likaufikia mlima Grand Teton, wenye urefu wa mita 4,199. Ukatuambia kwamba hapo hapo mpiga picha Ansel Adams alipiga picha yake maarufu mwaka 1942, na kwamba miti imekua tangu wakati huo, sasa inaificha kona ya mto.

Picha zilifika kwa posta zikiwa zimesafishwa, ndani ya bahasha ngumu, bila anwani yako. Moja iko Moshi, sebuleni. Mama huwaambia majirani, "Huo si Kibo, huo ni mlima wa wajukuu zangu." Katika ile ninayoipenda zaidi, kofia imemfunika macho mwanangu mdogo na mama anacheka, meno yote nje. Sina picha nyingine ya mama akicheka hivyo.

Asante sana, bibi. Mungu akutunze.