Risala ya Maafisa Ustawi wa Jamii Wanaohudumia Watoto kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali, wa dini na wa mila,
Watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na vijiji,
Wazazi, walezi, na ninyi watoto wetu mlioketi mbele,

Mwangaluka!

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi Jumanne hii ya tatu ya mwezi Machi, siku ambayo wenzetu wa taaluma hii huiadhimisha duniani kote. Si mara nyingi kiongozi huketi na kutusikiliza sisi, kwa kuwa kazi yetu ikienda vizuri haionekani. Mtoto aliyerudi kwao salama hana jiwe la msingi la kuzinduliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtaani tunaitwa kwa neno moja tu: ustawi. Mama aliyenyimwa matunzo ya mtoto humwambia mwenzake, "Nitakupeleka ustawi," na mara nyingine kauli hiyo peke yake humfanya baba alete unga na ada ya mtihani. Lakini wapo pia wanaomtisha mtoto kwamba asipotulia "ustawi watakuja kumchukua." Tunawaomba wazazi waliopo hapa waliache neno hilo. Mtoto aliyekuzwa akituogopa hatakuja kwetu siku anapoumizwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na imezipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Wajibu huo tunautekeleza kwa miguu yetu. Tunakwenda nyumbani kwa mtoto, tunaongea na majirani na mwalimu, tunaiandikia mahakama taarifa ya uchunguzi wa jamii, tunakaa pembeni ya mtoto anapohojiwa polisi, tunatafuta walezi wa kuaminika wa kumpokea usiku huohuo ikibidi, na tunakagua makao ya watoto. Makao hayo tunayashukuru, ila tunaendelea kuamini kwamba ni mahali pa mwisho pa kumpeleka mtoto, baada ya kumtafutia ndugu kila upande na kumkosa.

Tuna kisa kimoja, na tumebadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulike.

Mwenzetu mmoja alimkuta mvulana wa miaka kama 11 akilala kwenye magunia matupu ya dagaa, si mbali na soko la Mwaloni, Kirumba. Siku ya kwanza mtoto alitaja jina moja. Siku ya pili akataja jingine, na kijiji kingine. Mwenzetu hakumkaripia. Aliendelea kupita pale asubuhi, wakinywa naye uji, hadi wiki ya tatu mtoto alipotaja jina lake la kweli na kisiwa alikotoka. Mama yake alikuwa amefariki. Baba mdogo aliyebaki naye alikuwa akimwingiza mtumbwini usiku kutoa maji, na asipoamka alikuwa akipigwa. Ndipo akapanda boti ya mizigo, akajificha, akashukia mjini.

Alikuwa na bibi mzaa mama, kisiwa kingine. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na meli ya kwenda Nansio inakufikisha mwanzo tu wa safari. Baada ya hapo ni pikipiki, kisha mtumbwi. Mwenzetu alivuka mara nne. Mara ya kwanza alimtafuta bibi. Mara ya pili alikwenda kuiona nyumba na kuzungumza na mtendaji na mwalimu mkuu. Mara ya tatu alimpeleka mtoto. Mara ya nne alirudi kumwangalia, akamkuta ameacha shule na amekwisha kufunga nguo zake kwenye mfuko wa rambo, anasubiri boti. Hakuwa na sare, na wenzake walikuwa wakimwita chokoraa. Walikaa chini ya mwembe siku nzima: mtoto, bibi, mwalimu na afisa. Leo mtoto huyo anasoma, na likizo iliyopita alimwandikia mwenzetu barua.

Safari zilizokuwa na fedha ya ofisi ni tatu. Ya nne, iliyomwokoa, mwenzetu alijilipia, kwa sababu kwenye makaratasi mtoto alikuwa amekwisha kuunganishwa na familia na jalada lake limefungwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo ilipo roho ya risala yetu. Mtoto anahitaji mtu mmoja anayemjua tangu siku ya kwanza, na mtu huyo awe na uwezo wa kurudi. Mkoa wetu ulihesabiwa watu 3,699,872 katika Sensa ya mwaka 2022. Sisi ni wachache mno kwa idadi hiyo. Wapo kati yetu wanaobeba kata kadhaa, na mtoto mmoja hujikuta akisimulia maumivu yake kwa afisa huyu, kisha yule, kisha mwingine, mpaka anachoka na kunyamaza.

Sisi tunaofika kwenye mialo, wanakotia nanga wavuvi, tumelazimika kujifunza hata kalenda ya mwezi. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku kucha na mchana wamelala. Ukienda kambini utakuta wanawake na watoto wanaanika dagaa juani, na hakuna baba wa kuongea naye. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti dagaa, nyavu zinapumzika, wanaume wanakuwepo. Siku hizo chache ndizo zetu. Mafuta ya boti yakichelewa kuidhinishwa kwa wiki moja, tunasubiri mwezi mwingine, na mtoto anasubiri pamoja nasi.

Jambo jingine linatuuma, na tunalisema mbele ya viongozi wote waliopo. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Tumeshuhudia saa hizo zikiisha huku wazee wa pande mbili wakikaa kikao cha kumalizana kifamilia, wakibishania idadi ya ng'ombe. Mtoto anaogeshwa, nguo zake zinafuliwa, ushahidi unakwenda na maji. Tukija kufika, ndugu wote wamekula kiapo cha kutosema, na mtoto ameambiwa akisema baba mkubwa atafungwa na nyumba itakosa chakula. Wazee wetu wana hekima nyingi tunayoitegemea katika mirathi, katika malezi ya yatima, katika kupatanisha wazazi. Katika jambo hili tunawaomba wamkimbize mtoto hospitali, watoe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au wapige namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Simu hiyo ni bure. Neno lako, Mheshimiwa, ukilisema leo, litavuka maji haraka kuliko letu.

Tunaomba halmashauri zitenge fedha za kumfuatilia mtoto hata baada ya kurudishwa kwao, na mafuta ya boti yaidhinishwe mapema. Tunaomba ajira za maafisa ngazi ya kata, hasa visiwani. Vyuo vinahitimisha vijana kila mwaka, na wengine wao wako hapa leo wakijitolea bila mshahara, nasi tunawaona.

Na tunaomba vyumba. Baadhi yetu tunamsikiliza mtoto katika ofisi yenye meza nne, watu wanaingia kuuliza vibali na kutoka. Binti wa miaka 13 hawezi kueleza yaliyompata huku mtu anatafuta stempu nyuma yake.

Utakapotembelea mabanda, Mheshimiwa, la kwanza mkono wa kushoto ni letu. Tumejenga kwa turubai na mbao mfano wa chumba tunachokiomba: mkeka, viti viwili vifupi vinavyolingana, penseli za rangi na mlango unaofungika. Tunakuomba uingie, uketi kwenye kimojawapo cha viti hivyo kwa dakika chache, na afisa wetu atakueleza anavyoanza mazungumzo na mtoto.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.