Mashine ya majani inawaka halafu inazima: kabla hujasema tumekupiga

Juzi mzee mmoja mteja wetu wa Mbezi kaja gereji kwetu na mashine yake ya kukata majani kwenye buti, hata salamu haijaisha, "Vijana mmenipiga. Nimewapa 35,000 ya kuosha kabureta, wiki mbili hazijaisha inazima tena." (Kabureta ni kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.) Na pembeni kuna wateja wengine wamekaa wanasikiliza. Sasa mi siyo mtu wa kubishana na mzee mbele za watu, nikampa kiti, nikamwambia kijana wangu afungue mfuniko wa tanki tuchungulie wote.

Mlikuwa na maji. Siyo mengi, kama kijiko cha chai hivi, lakini ukiinamisha mashine unaona vidonge vya maji vinabingirika chini ya petroli, na tope laini la kahawia linafuata nyuma. Injini inavuta mafuta kutoka chini huko huko, kwa hiyo ikilamba maji tu inazima. Nikamwonyesha risiti yake ya mara ya kwanza, tumeandika kwa kalamu "tanki halijaoshwa, mteja amekataa". Kuosha tanki na kuweka filta mpya ya mafuta ilikuwa 15,000 juu ya ile, yeye akasema si mmeshasema ni kabureta, tanki linahusu nini. Na kweli tulisema ni kabureta. Ila uchafu hauzaliwi kwenye kabureta jamani, unateremka kutoka kwenye tanki.

Hii ndo kesi tunayoipata kila mvua za vuli zikianza. Mashine imewekwa stoo tangu masika iishe, petroli imo ndani, ukoka umeota ndo mtu anakumbuka kuvuta kamba. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuchacha, ikikaa miezi inaacha gundi kama vanishi, na ile jeti ndogo ya kabureta inayopitisha petroli, tundu lake hata sindano ya cherehani haipiti. Likiziba kidogo tu mashine inawaka na choki (ile inayobana hewa ili petroli iwe nyingi), ukitoa choki inazima.

Hapo sasa ndo mtu anatafuta njia ya mkato, anachukua waya anachokonoa jeti. Jeti ni shaba, laini, ukichokonoa tundu linapanuka na halirudi. Mashine itawaka vizuri tu siku hiyo utajiona fundi, baadaye inaanza kunywa petroli, moshi mweusi, plagi imejaa masizi, inazima tena, na hapo hamna cha kuosha, unanunua jeti mpya au kabureta nzima. Kuna wengine wanapeleka kwa mtu wa 10,000, anapuliza dawa kwa nje bila kufungua hata nati moja. Sisi tunaifungua yote, floti, sindano yake, jeti zote, tunapitisha hewa ya kompresa, gasketi mpya, halafu tunaiacha inanguruma dakika 20 mpaka ichemke kwa sababu ugonjwa mwingi unajitokeza ikiwa moto. Ndo maana siyo 10,000.

Na siyo kila kuzima ni kabureta. Dada mmoja wa Goba mashine yake ilikuwa inakata dakika kumi inazima, akipumzika kidogo inawaka. Mafundi wawili walishambadilishia plagi na koili (vile vya kutoa cheche), 60,000 imeenda. Tukalegeza mfuniko wa tanki ikiwa inataka kuzima, ikapandisha resi yenyewe. Katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kalikuwa kameziba, hewa haiingii, petroli haishuki. Tulimchaji 5,000, na bado kuna shemeji yake kaniuliza 5,000 ya kufungua mfuniko? Wale wa 60,000 hakuwauliza.

Iliyoniuma ni ya hoteli moja ya ufukweni. Kisu kiligonga mzizi wa mwembe, kuanzia hapo mashine inarudisha kamba kwa nguvu na inazima. Kii ya flaiwili, kale kachuma kanakoshikilia gurudumu zito la injini kwenye krenki (shafti kuu inayozunguka), ilikuwa imekatika, na ile imetengenezwa laini makusudi ili ife yenyewe kabla ya krenki. Kuna mtu akawawekea kipande cha msumari. Msumari haukatiki. Walipogonga mzizi wa pili krenki ikapinda, wakanunua injini nyingine, kisa kii ya bei ya soda kadhaa.

Halafu tafadhali, ukiilaza mashine kusafisha chini au kuibeba kwenye buti, plagi iangalie juu. Mzee wetu kailaza upande wa eya klina, yaani filta ya hewa, oili ikaingia humo, ikabidi tubadilishe na hiyo.

Turudi kwake. Kabureta tulimwoshea bure, tanki akalipa. Ila mi nikabaki najiuliza maji yanatoka wapi, shelini anakojaza ni pale pale tunapojaza sisi. Nikamwomba alete dumu lake. Kesho yake kalileta, dumu la mafuta ya kula, mfuniko umepasuka, na linakaa nje chini ya bati, mvua ikinyesha matone yanadondokea hapo hapo. Akaliangalia, akacheka mwenyewe, akaniuliza dumu zuri la petroli linauzwaje.

Kwa hiyo ukija na mashine inayozima, njoo na dumu lako pia.