Mkuki peke yake haukuikuza akili ya binadamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita katika ukurasa wa sayansi, iliyoeleza kwamba binadamu alipata akili nyingi kuliko wanyama wengine kwa sababu wahenga wetu wa kale walikuwa wawindaji, na kwamba kupanga mbinu za kumzingira mnyama mkubwa ndiko kulikoukuza ubongo. Makala iliandikwa kwa Kiswahili kizuri na sina ugomvi na mwandishi wake. Ninachokipinga ni hoja yenyewe, pamoja na mchoro ulioambatana nayo: wanaume sita wenye mikuki, nyati aliyeanguka, na hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja. Nimefundisha Baiolojia kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa Karatu, tukiwa na Oldupai upande mmoja na Ziwa Eyasi upande wa pili, na hadithi hiyo nimeikuta kwenye madaftari ya wanafunzi mara nyingi mno hata nimestaafu nikiwa bado sijamaliza kuisahihisha.

Kama kuwinda kungetosha kumpa mnyama akili, basi fisi wa Ngorongoro wangekuwa na shule zao. Wengi hudhani fisi anaishi kwa makombo ya simba, lakini ndani ya kreta ile fisi huwinda kwa makundi usiku, humtenga nyumbu mmoja na wenzake na kumkimbiza mpaka achoke, na kwa miaka yote hiyo ubongo wao umebaki kama ulivyo.

Visukuku vya ukanda wetu navyo haviungi mkono hadithi hiyo kwa urahisi. Nyayo za Laetoli, kusini mwa Oldupai, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, ziliachwa na viumbe waliotembea wima kama sisi ilhali mafuvu ya viumbe wa zama hizo yanaonyesha ubongo uliozidi wa sokwe kwa kiasi kidogo tu. Zana za mawe za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3. Fuvu la Zinj, kiumbe wa kale aliyetembea wima, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lina ujazo wa sentimita za ujazo mia tano na kitu, na ni la tawi la pembeni ambalo halikuelekea kwetu. Ni kwa yule kijana wa Nariokotome, huko huko Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita, ndipo tunapokuta ubongo wa karibu sentimita za ujazo 900, na wetu wa leo ni kama 1,350. Kwa maneno mengine, miguu ilitangulia, jiwe lililochongwa likafuata, na ubongo mkubwa ulikuja baada ya zaidi ya miaka milioni moja ya kutumia mawe hayo. Anayesema kwamba zana au mawindo yalidai akili, na akili ikaja, hana budi kueleza kwa nini ilichelewa kiasi hicho.

Mimi naona swali lenyewe huulizwa kinyume. Tunauliza akili inafaa nini, na jibu ni jepesi, kwa kuwa hakuna mnyama ambaye isingemfaa. Swali gumu ni nani aliyeilipia. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika, usiku na mchana, awe anafikiri au amelala. Kwa mtoto hali ni nzito zaidi: akiwa na miaka minne au mitano ubongo wake huchukua zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote anayoitumia kwa siku, na ni katika miaka hiyohiyo ambapo mwili wake hukua polepole kuliko wakati mwingine wowote wa utoto, kana kwamba umeambiwa usubiri mwenzako ashibe kwanza. Kiungo cha namna hiyo hakidumu kwa sababu tu kina faida. Katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kulikuwa na watu wafupi, ambao mifupa yao ilipatikana mwaka 2003, wenye ubongo wa takriban sentimita za ujazo 400, sawa na wa sokwe, na bado walitumia zana za mawe na kuishi huko hadi miaka 50,000 hivi iliyopita. Uteuzi asilia hauna haja ya wanafalsafa pale ambapo chakula hakitoshi.

Sasa tumtazame mama. Sokwe jike huzaa mara moja kila miaka mitano au sita, humlea mtoto mmoja bila msaada wa maana, na hazai mwingine mpaka yule wa kwanza aweze kujitafutia. Mwanamke wa jamii inayoishi kwa kuokota na kuwinda huzaa baada ya miaka mitatu au minne, ilhali mtoto anayeachishwa ziwa bado yuko mbali sana na kujilisha, tena ndiye mwenye ubongo unaokula kwa pupa niliouelezea. Hesabu hiyo haikubali kwa mikono miwili ya mama, na lazima chakula kitoke kwa mtu mwingine.

Mwandishi wenu angejibu kwamba kilitoka kwa baba mwenye mkuki. Hapa ndipo ningependa atembee kilomita chache kutoka nyumbani kwangu. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi na Wahadzabe, jamii ya kuwinda na kuokota, kando ya Ziwa Eyasi wakipima uzito wa kila kilicholetwa kambini, nani amekileta na nani amekila. Waligundua kwamba mwindaji wa wanyama wakubwa alirudi bila mnyama wa namna hiyo karibu siku 97 kati ya 100, na siku alipofanikiwa nyama iligawanywa kambi nzima, si kwa watoto wake peke yao. Chakula cha kila siku kilikuwa kazi ya wanawake, na waliochimba kwa saa nyingi kuliko wote hawakuwa wasichana wenye nguvu bali wanawake ambao umri wa kuzaa ulikuwa umewapita. Kiazi pori cha huku haking'olewi kama karoti. Mwanamke huketi chini, huchomeka mti wake uliochongwa ncha katikati ya mawe, huyatoa mawe moja moja kwa mkono mpaka shimo limfike begani, na kinachopatikana huchomwa kidogo motoni, humenywa, hutafunwa, na nyuzi zake hutemwa. Mtoto wa miaka minne hana uwezo wa kazi hiyo hata akiwa na njaa kiasi gani. Watafiti wale waliona pia kwamba mama akishajifungua mtoto mwingine, kunenepa au kukonda kwa yule aliyeachishwa ziwa kulifuata bidii ya bibi yake.

Ninajua vizuri kwamba hii hoja ya bibi kuulipia ubongo wa mjukuu ni nadharia, na ina wapinzani wenye hoja. Wahadzabe si masalia ya kale yaliyohifadhiwa kwa ajili yetu; ni Watanzania wa leo, na anayewafanya kioo cha zama za mawe hana budi kuwa mwangalifu. Wala sisemi kwamba nyama haikuwa na nafasi. Watafiti Leslie Aiello na Peter Wheeler walionyesha mwaka 1995 kwamba utumbo wetu ni mdogo kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa huu, jambo linaloashiria chakula bora na laini, na mwenzao Richard Wrangham ametetea kwa nguvu nafasi ya moto na upishi, ingawa dalili za uhakika za moto ni changa kuliko mwanzo wa kukua kwa ubongo. Asali nayo isisahaulike, na huko wanaume wana haki yao. Lakini ipo sababu moja inayoupa mkuki upendeleo ambayo wasomaji wengi hawaifikirii: mfupa wenye alama za kukatwa kwa jiwe hudumu miaka milioni mbili ukisubiri mtu wa kuufukua, kama inavyoonekana Oldupai kwenyewe, na kiazi pamoja na mti uliokichimbua huoza kabla ya masika mawili kupita. Tumeandika historia ya chakula chetu kwa kutumia risiti zilizobaki tu.

Liko jambo jingine linaloambatana na utoto huu mrefu. Mwaka 2005 watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na sokwe wa kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na watoto wa miaka mitatu na minne huko Uskoti. Waliwaonyesha namna ya kutoa zawadi ndani ya sanduku, wakichanganya hatua za lazima na nyingine zisizo na kazi yoyote. Sanduku lilipokuwa la kuonyesha vilivyomo ndani, sokwe waliona kwamba hatua fulani haina maana, wakairuka. Watoto waliiga zote. Wanafunzi wangu walicheka kila nilipowasimulia, wakidhani sokwe ameshinda, nami nikawauliza ni sokwe yupi angejifunza kuondoa sumu ya muhogo kwa kuruka kila hatua ambayo haoni maana yake.

Mwezi uliopita nilikuwa natwanga kisamvu, na mjukuu wangu wa miaka minne akatwanga mchanga kwenye kopo pembeni. Nina mazoea ya kugonga mchi mara mbili kwenye ukingo wa kinu ili majani yaliyonasa yaanguke. Naye alikuwa anagonga kijiti chake mara mbili kwenye ukingo wa kopo, ingawa mchanga haunasi, na aliposahau alirudi kugonga kabla ya kuendelea. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Bibi, ndivyo inavyotwangwa."

Ndugu Mhariri, ninaelewa kwamba michoro hurudiwa, na huenda ule wa nyati ukatumika tena. Ukitumika, naomba mchoraji wenu amwongeze upande wa kushoto, mahali palipoachwa majani matupu, mwanamke mzee aliyeketi kando ya shimo lenye mawe, na mtoto mmoja nyuma yake mwenye kijiti.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Karatu