Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Mwaka huu klabu yetu imejifunza jambo moja kwa kina: jinsi mifugo na miti inavyoweza kutunzwa pamoja katika ardhi moja.

Mheshimiwa, jambo hili linatuhusu hata sisi wa Dar es Salaam. Ng'ombe wengi wanaoshushwa kwenye mnada wa Pugu wametoka mikoa ya bara, na wanapokosa malisho huko hufika wamekonda. Anayekula nyama jijini anaitegemea ardhi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa Shinyanga. Huko misitu ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kuwaangamiza mbung'o, kisha kupanua mashamba, hadi ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara yake, kwa maoni yetu, ilikuwa kurudi kwenye ngitili, utaratibu ambao Wasukuma walikuwa nao tangu zamani: eneo hufungwa masika, nyasi na miti vikapumzika, kisha hufunguliwa kiangazi, hasa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta 600 hivi zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mradi ulipomalizika mwaka 2004.

Wenyeji walikuwa na ujuzi huo. Kazi ya shamba la utafiti ni kuupima, na hapo ndipo tulipojifunza mengi. Shamba hugawanywa vipande, ng'ombe wakahamishwa kabla nyasi hazijaliwa hadi shinani, kwa sababu nyasi iliyobaki bila majani huchipua kwa kula akiba ya mizizi, na ikirudiwa mapema hufa. Kipande kimoja huzungushiwa uzio na kuachwa bila mfugo yeyote ili kuwe na cha kulinganisha. Nyasi hukatwa, hukaushwa na kupimwa uzito. Miche nayo hulindwa mpaka ncha zake zipite kimo cha mdomo wa mnyama, na mbuzi ndio wa kuchungwa zaidi.

Miti ya malisho kama mlusina na gliricidia hurutubisha udongo kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na majani yake yana protini nyingi wakati nyasi zimekauka. Lakini mlusina una sumu iitwayo mimosini, hivyo wataalamu hushauri usizidi takriban theluthi moja ya chakula cha ng'ombe. Mfugaji asipoelezwa kipimo hicho, tumempa mti na madhara yake.

Mheshimiwa, wasiwasi wetu ni muda. Mti hauhesabu mwaka wa fedha. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilianza mwaka 1905, na ng'ombe wa aina ya Mpwapwa walipatikana baada ya miongo ya kuchanganya mbegu pale. Jaribio la miti na malisho likikatishwa baada ya miaka miwili au mitatu, miche huwa haijawapa hata ng'ombe kivuli, na vipimo vyote vya mwanzo hupotea bure.

Kwa hiyo tunakuomba utusemee huko juu ili mashamba ya utafiti wa mifugo na misitu yatengewe fedha za muda mrefu, na maeneo yake yasimegwe kwa ajili ya viwanja. Tunaomba pia wanafunzi wa jiji hili wapokelewe huko kwa mafunzo wakati wa likizo, wakashike mizani na daftari wenyewe. Hapa shuleni tunahitaji mbegu za miti ya malisho na viriba vya kuanzisha kitalu. Eneo mkuu wa shule ameshatupa, na wazazi wafugaji wa Kigamboni wako tayari kuichukua miche itakapokua.

Tunaomba kuwasilisha.