Barua ya malalamiko: kuondolewa kwa nyimbo zetu za vugo

Kwa Meneja,
Idara ya Uhakiki wa Haki,
Kampuni ya Usambazaji wa Muziki Mtandaoni.

KUH: NYIMBO TATU ZILIZOONDOLEWA KWA MADAI YA KUTOSTAHIKI

Mimi ni mwimbaji na kiongozi wa kikundi cha akina mama cha vugo, yaani nyimbo za harusi zinazoimbwa kwa kugonga pembe, hapa Mombasa. Wiki tatu zilizopita mliziondoa nyimbo zetu tatu kwenye majukwaa yote, mkasema ni za jadi, kwa hiyo hatuna haki ya kuzisambaza. Nimewaandikia mara nne, na mara zote nne nimepata jibu lile lile. Nina uchungu, kwani mmetufanya tuonekane wezi wa kazi tuliyoitolea jasho.

Utunzi ni kitu kimoja, rekodi ni kitu kingine. Kiitikio cha wimbo wa kwanza tumekirithi kwa mabibi zetu, aliyekitunga hajulikani, na kwenye fomu yenu niliandika wazi kuwa ni cha jadi. Beti nne zinazofuata nilizitunga mwenyewe, binti ya dada yangu alipoolewa. Rekodi nayo ni yetu tangu pembe ya kwanza. Tuliingia studio usiku kwa sababu mchana bodaboda hazituachi, wanawake tisa, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti chake. Prodyuza alituanzisha upya mara sita kwa ajili ya pembe moja yenye ufa iliyokuwa ikikoroma. Tulimlipa, naye akatia sahihi kutukabidhi haki zote za rekodi. Nakala ya mkataba mnayo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, hata kama kilichoimbwa ni cha kale. Mlidai pia cheti cha usajili. Usajili wa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni wa hiari. Haki huanza kazi inaporekodiwa au kuandikwa.

Nadhani kosa lenu limeanzia kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaozitambua video zenye rekodi ya mtu na kuzidai kwa niaba yake. Kule YouTube hutaka mwenye haki za pekee, na sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Mama wa kisiwani Pate akirekodi kiitikio hicho kwa simu kwenye harusi ya mwanawe, sitaki video yake idaiwe kwa niaba yangu. Ndiyo maana sikuiomba huduma hiyo, kisanduku chake nilikiacha kitupu. Ninyi mmelichukua sharti la huduma nisiyoiomba mkalifanya la usambazaji mzima, na ada yangu ya mwaka mmeshaikata.

Naomba nyimbo zirudishwe ndani ya siku 14, kwa ISRC zile zile, yaani namba za utambulisho wa kila rekodi, ili hesabu ya waliokwisha kusikiliza isipotee. Kama bado mna shaka, nitajieni ni ubeti upi au ni sauti ya nani, na anayejibu awe mtu aliyeusoma mkataba. La sivyo nirudishieni ada yangu, nami nitahamisha kazi zetu zote kwa msambazaji mwingine na kulifikisha suala hili KECOBO.

Wenu,
Kiongozi wa kikundi,
Mombasa.