Kabla Hujasema Tumekuharibia Seli

Wiki iliyopita mteja alitutamkia mbele ya watu kuwa tumemlia pesa zake. Sentrifuji yake, mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi ili seli zitulie chini, ilitoka hapa kwetu Malindi ikizunguka vizuri, lakini seli zake za kuelea, zile zisizoshika chini ya chupa, zinakufa kila akizitenga na midia, yaani majimaji ya kuzikuzia. Ni wa tatu mwaka huu kutulaumu hivyo, na jambo hili linatuuma.

Tulimwendea na takometa, kifaa cha kupima mwendo. Skrini ilisoma mizunguko 3,000 kwa dakika, takometa nayo 3,000. Mashine ni nzima! Kwenye ile yake ya zamani alizoea 1,800; hii kubwa akaipandisha ili dakika tano ziwe mbili. Ya zamani, kutoka katikati ya rota, sehemu inayozunguka na mirija, hadi ncha ya mrija, ilikuwa sentimita 8, kwa hiyo 1,800 ilitoa nguvu ya kama g 290, yaani mara 290 ya mvuto wa dunia. Hii ni sentimita 16, na rota pana hubana zaidi kwa mwendo uleule. Kwa 3,000 seli zinabanwa kwa g 1,600 na ushei, ilhali nyingi zinataka 200 hadi 300. Angeweka 1,180 hivi, akazipa dakika zake tano.

Zikibanwa hivyo hushikana donge gumu, naye hulipigapiga kwa pipeti, kijiti cha kunyonyea majimaji, mpaka liachane. Zinazopasuka humwaga DNA, DNA inanata, madonge yanazidi. Gonga mrija kwa kidole kwanza, tia midia kidogo, ndipo uongeze. Breki nayo iwe laini: donge la seli za kuelea likitulia vizuri huwa legevu, na mashine ikisimama ghafla linainuka, unalimwaga pamoja na maji ya juu.

Shilingi 2,500 za kupima mwendo alizikataa tangu siku ya kwanza. Midia aliyokwisha kumwaga, kwa hesabu yake mwenyewe, imepita hapo.

Mteja mwingine, wa Lamu, aliona nauli yetu ghali, akaipakia mashine kwenye boti hadi Mokowe, kisha basi, rota ikiwa ndani. Shafti, mhimili unaobeba rota, ilipinda. Tuliisubiri nyingine wiki sita, na bei yake ilikuwa mara nne ya nauli aliyoikwepa. Rota hutolewa kabla mashine haijainuliwa mezani, hata kama unaihamisha chumba cha pili.

Ukitupigia, tuambie unakuza seli gani. Rota tutaipima wenyewe, na namba ya mizunguko inayofaa seli zako tutaibandika kwenye mfuniko kabla hatujaondoka.